P0302: plagi yenye ncha safi iliyokuwa imekufa

Injini ni 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 ya Toyota IST na Probox, yenye koili moja (inayotengeneza umeme wa cheche) juu ya kila plagi. Ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, ilitetemeka kidogo. Mlimani ilimisi vibaya (silinda ilikosa kuwaka) na taa ya injini ikawa inamemeta. Ikimemeta hivyo, punguza kukanyaga mafuta mara moja, kwani petroli isiyoungua huenda kuunguza katalisti, kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi.

Kifaa cha kusoma kodi za hitilafu kilitoa P0302, yaani silinda ya 2 inamisi. Tarakimu ya mwisho ni silinda, na hesabu huanzia upande wa cheni. Kodi haitaji kifaa kibovu, inataja pa kufungua tu. Wengi hapo hukimbilia duka la koili.

Mimi nilifungua bolti kwa spana namba 10, nikabadilishana koili ya 2 na ya 3, nikafuta kodi, nikapanda mlima uleule. Kama koili ndiyo mbovu, ingesoma P0303. Ikarudi P0302.

Zamu ya plagi. Shimo la silinda ya 2 lilikuwa na oili. Ikaushe kwanza kwa kitambaa kilichoviringishwa kwenye bisibisi, la sivyo itamwagikia ndani ya silinda na utafukiza mtaa mzima. Nikafungua kwa soketi ya milimita 16, injini ikiwa baridi. Ncha safi, nafasi milimita 1.1 kama inavyotakiwa. Lakini juu ya kauri palikuwa na mstari mweusi mwembamba, kama wa penseli. Umeme ulikuwa unapita hapo kwenda kwenye bodi ya chuma ya plagi badala ya kuruka nchani, hasa ukikanyaga mafuta, kwa sababu mgandamizo ukipanda cheche huruka kwa shida.

Niliihamishia silinda ya 4, kodi ikawa P0304. Kodi isingehama, ningeangalia nozeli inayopulizia petroli, kisha kupima kompresheni (mgandamizo wa silinda).

Nilinunua plagi nne pamoja na raba zinazoziba mashimo ya plagi kwenye tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini. Bila hizo oili ingerudi. Kagua pia mpira wa chini wa koili: ukiwa umevimba au una mstari kama ule, badilisha, maana utaichora plagi mpya.

Plagi mpya huzungushwa kwa mkono hadi igote, kisha nusu mzunguko kwa raketi. Ya zamani ikirudishwa, washa yake (pete ya chuma ya kuzibia) imeshabonyea, hivyo ikigota ikaze kidogo tu. Nyuzi za kichwa cha injini ni za aluminiamu, ukizidisha kukaza zitaharibika.