Herufi moja

Leo hapa Lubumbashi nimeona kwa macho yangu kinachomtesa mtoto wa yaya, ndugu yangu mkubwa, tangu azaliwe: ugonjwa wa selimundu. Mama mmoja wa labo, mpole sana, alinionyesha picha ya jeli, inayotenganisha vipande vya DNA kwa urefu. Wanazidisha kipande cha jeni ya HBB, ya himoglobini ya damu, kwa PCR, njia ya kunakili DNA, mpaka kiwe kingi, kisha wanatia kimeng'enya DdeI. Kwenye jeni isiyo na kasoro kinakata palipoandikwa CTGAG. Kwa mwenye SS, yaani jeni zote mbili zina kasoro, ile A imegeuka T, basi hakikati, kipande kinabaki kirefu. Mimi nina vyote, kirefu na vifupi: AS, yaani jeni moja tu ina kasoro. Mtoto ana kirefu peke yake. Herufi moja tu, jamani! Nililia palepale. Kesho mchumba wangu naye atatoa damu apimwe. Nimemwomba, amekubali.