Aliyechonga Nani?

Mvua ndiyo iliyonitia kanisani. Ilikuwa Novemba 2009, meli yetu imefunga gati Marghera, bandari ya viwanda inayotazamana na Venice, na mpishi mkuu alikuwa amenipa ruhusa ya siku moja. Nikapanda basi hadi Piazzale Roma, nikaanza kukata vichochoro. Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, vichochoro havinitishi, ila vya kule vina tabia ya kuishia majini. Mara mbili nilijikuta nimesimama ukingoni mwa mfereji, nautazama mlango wa mtu upande wa pili. Mvua ilipozidi nikakimbilia jengo la kwanza nililoliona liko wazi, kubwa kama ghala, la matofali mekundu matupu. Nikalipa euro chache. Kumbe ni Frari, kanisa la Wafransisko.

Mimi Muislamu, sikujua hata mikono niiweke wapi. Watu wote walikuwa wameinua shingo mbele ya altare kuu, ambako Bikira Maria wa mchoraji Titian anapaa mbinguni na nguo yake nyekundu, picha ya karibu mita saba kwenda juu. Nikatazama na mimi. Ni picha kubwa, sikatai. Lakini aliyekulia kwenye kibanda cha fundi jicho lake hutafuta mti, nikajivuta upande wa kulia, nikaingia sakristia, chumba wanachovalia mapadri.

Humo nikaona mlango.

Nasema mlango kwa sababu ndivyo nilivyouona kabla sijajua natazama nini. Miimo iliyochongwa, nguzo mbili za kati, kizingiti cha chini, na juu ya nafasi ya katikati tao. Yote dhahabu, na kwenye nakshi rangi ya buluu imejificha nyuma ya majani yanayopanda. Baba yangu alichonga milango maisha yake yote, na tangu nikiwa mdogo, kazi yangu ikiwa kushika mbao zisicheze chini ya patasi, alikuwa akiniambia: "Mlango ni fremu, mwanangu. Hizo mbao mbili ni za kufungia tu."

Nikasogea. Ndani ya fremu kulikuwa na picha tatu za mchoraji Giovanni Bellini. Katikati Bi Mariamu ameketi juu ya kiti kirefu na mwanawe, na chini ya miguu yao malaika wawili wadogo wanapiga muziki. Kila upande watakatifu wawili. Kipeperushi cha kanisa kilisema ubao wa katikati ni sentimita 184 kwa 79, na wa pembeni 115 kwa 46. Vipimo nilivishika mara moja, mambo mengine nilikuja kuyasoma baadaye. Mfano, kwamba kazi hii waliiagiza wana watatu wa Franceschina Tron kwa kumkumbuka mama yao, aliyezikwa humo humo. Wao waliitwa Nicolò, Marco na Benedetto, baba yao Pietro Pesaro. Basi watakatifu waliosimama pale ni Nikolao, Petro, Marko na Benedikto. Familia nzima imo, na hakuna hata mmoja aliyechorwa sura yake.

Kilichonishika lakini ni nguzo. Za nje ni za mti, mkono ungeweza kuzishika. Kisha kwenye ubao wenyewe Bellini amechora nguzo nyingine za umbo lile lile, na nakshi ya namna ile ile, zikarudi nyuma mpaka mtu anaona chumba. Nilijaribu kukamata mahali mti unapokoma na rangi inapoanza. Nikaenda kushoto, nikaenda kulia, nikachuchumaa. Mlinzi akaanza kunifuata kwa macho. Patasi imeanza, brashi imemalizia, na mpaka wao siuoni! Juu ya kichwa cha Mariamu kuna maandishi ya Kilatini, na kipeperushi kilitoa tafsiri ya mwanzo wake: mlango wa hakika wa mbinguni. Nikacheka peke yangu. Kwetu pia aya huandikwa juu ya mlango.

Picha nyingi za aina hii zilibanduliwa altareni zikapelekwa makumbusho. Ile Bellini aliyolifanyia kanisa la San Giobbe, mji huo huo, siku hizi iko Accademia, na fremu yake ya mawe imebaki kanisani bila picha. Ya Frari haikuhama. Baba aliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambayo mwenyewe ameuza mbao za mlango kwa mgeni, akaacha miimo imesimama wazi. Alirudi nyumbani hasemi na mtu.

Nilipotoka nikampigia kwa kadi ya simu, nimejibanza chini ya paa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mko wapi?"

Nikamwambia nimeona mlango wa dhahabu. Akauliza mti gani. Nikasema umefunikwa wote. Akauliza pembe zimeungwa kwa ulimi au kwa misumari. Sikuwa nimeangalia.

"Aliyechonga nani?"

"Bellini, baba. Ameandika jina lake chini ya kiti, na mwaka, 1488."

"Huyo si mchoraji? Mimi sikukuuliza mchoraji."

Nikarudi mbio. Mlango wa kanisa ulikuwa umeshafungwa.

Jina nililipata wiki mbili baadaye, kwenye kibanda cha intaneti katika bandari nyingine: Jacopo da Faenza. Nilisoma pia jinsi mafundi wa zama zile walivyotia dhahabu. Kwanza plasta na gundi ya ngozi, tabaka juu ya tabaka. Plasta ikishameza nakshi, huchongwa upya. Kisha udongo mwekundu, kisha dhahabu nyembamba isiyovumilia hata pumzi, halafu inasuguliwa kwa akiki mpaka ing'ae. Usiku nikampigia baba, nikamsomea yote. Hiyo ya kuchonga mara mbili aliniambia nirudie.

"Yakopo," akasema, kama anamwita mtu wa jirani. "Yakopo wa Faenza."

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza alilipwa ngapi.