Likoni, kwa mama muuza mbaazi

Nilipanda treni ya asubuhi Nairobi, ile inayosimama Emali, Kibwezi, Mtito Andei na Voi, mchana nikashuka Miritini, stesheni ya Mombasa, nimeshalowa jasho, nikadandia matatu hadi feri. Watu wengi wakisikia anthropolojia wanafikiria mifupa ya kale, mimi miaka yote nasomea rangi, kabila na usalama wa mtaani, yaani nani akipita usiku anasalimiwa na nani akipita watu wanapiga simu polisi.

Aliyenitia hamu ya kazi hii ni St. Clair Drake, Mmarekani mweusi, msomi wa Chicago, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1940 alienda Cardiff kule Wales kuusoma mtaa wa Tiger Bay, mtaa wa bandarini wa mabaharia Waafrika, Wasomali na Waarabu. Nilipomsoma nikawaza Mombasa hapohapo, bandari ni bandari, watu wa kila aina wamebanana na kila mtu anaulizwa kwao wapi.

Feri ya Likoni ukiwa kwa miguu hulipi, unasubiri tu lango lifunguliwe halafu umati mzima unateremka kwa pamoja, baiskeli, mikokoteni, wanafunzi, mama na ndoo ya samaki kichwani. Ng'ambo nilikuwa na miadi na mama mmoja anayeuza mahamri na mbaazi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu, keti ule kwanza, maswali baadaye. Nikala.

Nilimfuata kwa sababu ya 1997. Agosti mwaka ule wa uchaguzi kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, bunduki zikabebwa, watu wa bara wakauawa na maelfu wakahama. Huyu mama alimficha jirani yake Mjaluo na watoto wake chumba cha nyuma, anasema waliokuja mlangoni aliwaambia humu mna mgonjwa wa surua, wakaondoka. Alikuwa akichota mbaazi huku ananisimulia, upawa haukusimama hata mara moja.

Halafu akatoa mfuko wa nailoni chini ya meza. Cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, cha marehemu mumewe, na karatasi ya babu mtu imekunjwa mpaka inapasuka kwenye mikunjo. Marehemu alikuwa Mshihiri, yaani Mwarabu wa asili ya Yemeni, basi kijana kazaliwa hapahapa Likoni lakini akienda kuomba kitambulisho anarudishwa, leta hiki, leta kile, babu yako aliingia lini. Wamakonde wa Kwale, wenye asili ya Msumbiji na nao hawakuwa na vitambulisho, walilazimika kutembea hadi Nairobi 2016 ndio wakasikilizwa! Na bila kitambulisho, doria ikikukuta usiku unapandishwa gari, kwa hiyo kijana magharibi ikiingia hatoki nje.

Hapo ndipo roho iliniuma kwelikweli. Tangu 2013 serikali inatuhubiria Nyumba Kumi, mpango wa usalama wa mtaani, jirani amjue jirani, na huyu mama alishaifanya kabla haijapewa jina, tena kwa kuhatarisha maisha yake, leo mwanawe ndiye anayeulizwa kwao wapi.

Jioni ileile niliipanga upya kazi yangu. Maofisini nitaenda mwisho, naanza na hizi nyumba, na vijana watakaonisaidia kuhoji watatoka mtaa huuhuu na watalipwa. Yule kijana wake anaandika hati nzuri sana, nimemchukua.