Jiko moja, mishahara miwili

Mwaka wa tatu huu niko Doha, Qatar, kadama, yaani mfanyakazi wa nyumbani. Kuna wenzangu wakiulizwa na watu wa nyumbani wanasema wako hotelini, mimi naona haina haja, nafua na napiga pasi kwa watu basi.

Sasa iko hivi. Hii nyumba tuko wawili, mimi na Mfilipino mmoja. Tunaamka saa kumi na moja alfajiri, tunalala boss akishalala, yeye anashinda zaidi na watoto mimi na jiko. Mwisho wa mwezi yeye riyali 1,500, mimi 1,000. Mwanzo nilidhani ni sababu ya kingereza ama amekaa sana, kumbe hata angekuja jana asingepata chini ya hiyo. Serikali yao iliweka zamani kima cha dola 400 kwa mwezi kwa kadama wao, na mkataba usipofika kima chao ubalozi wao hauupitishi. Mimi nakula kile kima cha chini cha Qatar, kilianza Machi 2021 na hakiulizi pasipoti ni ya nchi gani, wenzangu waliotangulia walikuja kwa chini ya hapo na wakashukuru Mungu. Na maejenti wetu ndo wanazidi kuharibu, kila mmoja anashusha bei apate oda, maana Mkenya akikaza kuna Mganda, Mganda akikaza kuna Muethiopia. Madam mwenyewe aliniambia bila haya, nilitaka Wafilipino wawili lakini kuwaleta ni ghali.

Ila nisijifanye sijui kilichonileta. Hiyo 1,000 ni kama elfu 35 za kwetu Kenya, nalala bure nakula bure. Kisauni, Mombasa, nilikuwa nasuka saluni, mwezi ukiwa mzuri elfu 12, na kodi ya nyumba inaningoja hapohapo.

Kitu hatupendi kuongea sisi wa Gulf ni hiki. Watoto wangu wawili wako na mamangu, na mama magoti yameshachoka, kwa hivyo nikawatafutia msichana wa kazi kutoka Kinango, Kwale. Namlipa elfu 6. Kima cha chini cha serikali cha mfanyakazi wa nyumba hapo Mombasa ni zaidi ya mara mbili ya hiyo, najua vizuri, na mtaa mzima sijui hata mmoja anayelipa. Huyu Mfilipino naye kwao kuna binamu yake anamlelea mtoto, nilimuuliza anamlipa ngapi akacheka tu akaendelea kukata vitunguu.

Wiki jana yule msichana akanitumia voisi, kwa adabu kabisa, dada naomba uniongeze iwe elfu 8, maisha yamepanda. Nilikuwa napiga pasi kanzu za boss, na siku mbili kabla nilikuwa nimemuomba madam aniongeze riyali 200 akaniambia mwezi ujao inshallah. Nikaweka pasi chini, nikabonyeza simu, nikamjibu: mwezi ujao inshallah.