Siku moja maishani mwangu: nikiwa na panya wa BRCA1

Saa moja asubuhi. Koti, kofia, barakoa, glavu, vifuniko vya viatu. Ndani ya chumba cha panya, mchafu ni mimi. Kijidudu kimoja nikiingia nacho kinaweza kuharibu kazi ya mwaka mzima.

Saa mbili. Leo ni siku ya kupapasa, kutafuta uvimbe wa saratani. Panya jike ana tezi kumi za maziwa, kuanzia shingoni hadi kwenye kinena, nami hupitisha kidole kwenye zote, taratibu. Hawa wametimiza miezi kumi na kila wiki nimeambulia patupu. Leo, kwa jike namba 47, kinena cha kulia, nagusa kitu kigumu kama punje ya mtama. Napima: milimita 4. Narudia kupima. Mkono unanitetemeka kidogo.

Kwa nini tungoje hivi? Mwanamke akirithi nakala moja mbovu ya BRCA1, jeni inayosaidia kukarabati DNA, uwezekano wa kupata saratani ya matiti kabla ya kutimiza miaka 80 ni takriban asilimia 70. Jeni hiyo ilipotambuliwa mwaka 1994, ilitarajiwa kwamba panya mwenye kasoro hiyohiyo angeugua vivyo hivyo. Wapi! Mwenye nakala moja mbovu huzeeka salama, na mwenye mbili mbovu hufia tumboni mwa mama yake. Ndipo ikabidi kutumia Cre, kimeng'enya kitokacho kwa kirusi cha bakteria: tunaizungushia jeni alama mbili za loxP, na Cre inapowaka katika seli za titi inakata kilicho katikati. Mwili mwingine unabaki na jeni yake nzima. Mara nyingi tunaondoa pia p53, jeni nyingine inayozuia saratani, la sivyo uvimbe hukawia mno.

Saa nne. Watoto wa wiki tatu wanaachishwa ziwa. Kipande kidogo cha sikio, kisha PCR, kipimo cha kutambua jeni alizorithi kila mmoja. Kati ya tisa, wawili tu wana mchanganyiko ninaoutaka.

Saa nane, hadubini. Hapa ndipo ninapopapenda zaidi. Saratani za BRCA1 hufanana na seli za tabaka la nje la mifereji ya maziwa, lakini panya walituonyesha kwamba huanzia kwenye seli changa za tabaka la ndani. Bila wao tungeendelea kumtafuta mwizi nyumba ya jirani.

Saa kumi. Jike 47 anaingia kundi la olaparib, dawa inayoziba njia nyingine ya kukarabati DNA, hivyo seli isiyo na BRCA1 inakosa pa kushika. Katika panya wa aina hii uvimbe ulisinyaa, kisha ukarudi ukiwa sugu. Wanawake wanaitumia leo, na usugu huo ndio unaoninyima usingizi.

Naandika kwenye kadi yake kikomo cha ukubwa kilichowekwa na kamati ya maadili. Uvimbe ukikifikia, hatutamwacha ateseke. Namwongezea karatasi laini za kujengea kiota. Jumatatu, saa mbili, nampima tena.