Gari kukosa nguvu Kitonga na taa ya injini kuwaka: jinsi nilivyotatua

Gari langu la mwaka 1999 lilikuwa likikosa nguvu kila nilipopanda Kitonga kuelekea Iringa, na taa ya injini ikiwaka, ilhali kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Nilibadilisha plagi na chujio la mafuta bila nafuu. Mashine ya kupimia hitilafu za gari ilionyesha hewa imezidi petroli, hivyo nikakagua bomba la mpira linalotoka kwenye sensa ya hewa hadi kwenye injini. Kwa macho lilikuwa zima (nililitazama mara mbili). Nilipolikunja kwa mkono, katika mkunjo wa chini ulifunguka ufa wa urefu wa ukucha, ambao ulipanuka injini ilipojivuta mlimani na kuingiza hewa isiyopimwa na sensa. Niliweka bomba jingine badala yake, nikafuta kumbukumbu ya hitilafu kwenye kompyuta ya gari, na juzi nimepanda Kitonga nikiyapita malori, taa haikuwaka.