Banda au mihogo

Jirani yangu hapa Tabata anajenga uzio, na tangu juzi fundi wake anapaka oili chafu kwenye miguu ya mirunda. Harufu inaingia mpaka sebuleni. Wapangaji wananuna. Mimi nimefungua dirisha zaidi.

Chanika, Machi 1999, mwaka huo huo ambao Mwalimu alitutoka Oktoba. Baba alikuwa na likizo ya wiki moja, akaamua inatosha kusimamisha banda la kuku. Mama naye alishaapa kwamba masika hayo hayatamkuta hajalima, maana mvua za El Nino zilimwozeshea mihogo yote ardhini. Hakuna aliyemshirikisha mwenzake. Na wote wawili walikuwa wanamtegemea fundi yule yule, vibarua wale wale na sisi watoto.

Siku za mwanzo zilikuwa za Baba. Lori lilikwama kwenye mchanga, mirunda ikashushwa barabarani, tukaibeba mabegani. Oili chafu ilitoka gereji moja ya Gongo la Mboto, tukapaka sehemu zote zitakazozama ardhini, kwa sababu mchwa wa kule hawana adabu. Mabati ya mtumba yalitoka Gerezani, yana matundu ya misumari ya nyumba ya watu wengine, tukayaziba kwa lami. Muda wote huo Mama alikuwa chini ya mwembe anakata pingili za mihogo, kila moja kama shubiri, anazifunga mafungu na kuzifunika kwa magunia. Alikata nyingi kuliko eneo tulilolima. Nadhani ilikuwa namna yake ya kusema.

Alhamisi usiku mvua ikashuka.

Asubuhi fundi alikuwa juu ya kenchi, misumari mdomoni, anapigilia bati la tatu au la nne. Mama akapita chini yake na jembe begani, kimya. Fundi akamtazama, kisha akautazama udongo. Akaitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, akaitia mfuko wa shati.

"Mzee, udongo umekunywa ukashiba."

"Fundi, vifaranga vinakuja kesho."

"Vitakuja, mzee wangu. Mvua yenyewe imeshakuja."

Akateremka. Vibarua wakamfuata bila kuitwa. Baba akabaki na nyundo mkononi, kola ya shati imelowa, anatazama nusu paa lake. Alisimama pale muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Halafu akakunja suruali, akavua viatu, akaomba fungu la pingili kama mtu anayeomba mkopo.

Mama alikuwa ametangulia na kamba yenye mafundo, fundo hadi fundo mita moja. Pingili inachomekwa mshazari, macho yakielekea juu. Baba, karani wa ofisini tangu ujana, alikuwa akizichomeka vyovyote vile, nyingine kichwa chini, lakini kwa kasi ya ajabu, jasho linamtiririka, anatuhimiza sisi tulio nyuma. Mama akawa anarudi kwenye mstari wake kwa kisingizio cha kunyoosha kamba. Anachomoa, anageuza, anachomeka tena, anakandamiza kwa unyayo. Alipoona nimemwona, alinikazia jicho. Nikanyamaza.

Vifaranga vilikuja Jumamosi kweli, kwenye maboksi yenye matundu, vikalala chumbani kwa wazazi pamoja na jiko la mkaa, na harufu yake naikumbuka pia. Paa lilimaliziwa Baba akiwa amesharudi kazini. Kuku waliondoka na mdondo kabla ya Krismasi, licha ya chanjo. Mihogo nayo, nguruwe pori walichukua fungu lao. Kwa hiyo ubishi wa nini kilipaswa kutangulia haukupata mshindi, na ulidumu kuliko banda.

Mpaka anafariki, Baba alikuwa akiwaambia wageni kwamba mstari wa upande wa mwembe, uliostawi kuliko yote, aliupanda yeye mwenyewe kwa mikono yake. Mama alikuwa akiitikia, "Kweli kabisa," huku anawaongezea chai. Miaka yote niliamini Baba hakujua. Sasa nami nimeoa, tena siku nyingi, na sina uhakika.